Feni inayochelewa kuwaka: usishushe namba kabla hujajua inawaka wapi

SWALI: Nina BMW E36 ya 1993, silinda sita. Niliitoa feni ya mkanda ili kuipunguzia injini mzigo, nikabaki na ile ya umeme iliyo mbele ya rejeta. Nimefunga kipimo cha ziada, sensa yake iko kwenye mpira wa juu wa rejeta. Nikiwa kwenye mwendo kinasoma 92. Kwenye foleni kinapanda mpaka 104, hapo ndipo feni inalipuka kama ndege, joto linashuka hadi 97, feni inazima, na mchezo unaanza upya. Nataka iwake kwenye 85. Fundi ameniambia nifunge rezista (kifaa kidogo cha kuzuia umeme) kwenye sensa ya joto ili gari lidhani limepata moto mapema. Nifanye hivyo?

JIBU: Rezista usifunge, sababu nitaitoa mbele. Na hiyo 85 nayo ina neno. Kwanza turudi kwenye kitu ulichokiandika mwenyewe, pengine bila kukipima: feni "inalipuka kama ndege". Feni ya gari lako haikutengenezwa ianze hivyo. Ina spidi mbili. Inatakiwa ianze na ya chini, mvumo wa kawaida ambao ukiwa umefunga vioo na redio inalia huenda usiusikie kabisa. Ile yenye kishindo huja baadaye, tena pale tu ya chini inapozidiwa. Kama huo mvumo wa kwanza hujawahi kuusikia, nina shaka kubwa kwamba spidi yako ya chini ilikufa siku nyingi, na kwamba unataka kubadili namba ili kufunika kitu kilichoharibika.

Mambo yalivyo ni hivi. Kwenye rejeta ya E36 kuna swichi ya joto yenye pini tatu, na ndani yake mna miguso miwili. Swichi ya kawaida ya gari hili imeandikwa 91/99. Ikifika nyuzi 91 mguso wa kwanza unafunga, feni inazunguka polepole. Ikifika 99 wa pili unafunga, feni inakwenda kasi yote. Hiyo spidi ya polepole inapatikana kwa kupitisha umeme kwenye rezista nene iliyofungwa karibu na feni (hii siyo ile ya fundi wako, usizichanganye). Kazi ya rezista hiyo ni kupata moto, na mahali ilipo inapigwa vumbi na maji ya barabarani. Baada ya miaka thelathini hivi ni kawaida kukuta imekatika. Ikikatika, mguso wa 91 unafunga kama kawaida, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inagonga "tak", na feni haitikisiki. Gari linasubiri 99. Sasa kwa kuwa swichi iko kwenye rejeta na kipimo chako kiko kwenye mpira unaotoka injini, maji yanakopita yakiwa bado ya moto zaidi, 99 ya swichi kwako itasomeka nyuzi chache juu yake. Umesema 104. Hesabu zinakutana vizuri mno.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Injini ikiwa baridi, chomoa soketi ya swichi kwenye rejeta. Washa swichi ya funguo bila kuwasha injini, na vidole vyako vikae mbali na feni. Waya wa kahawia ndio wa bodi, yaani hasi. Magari ya Kijerumani ya wakati ule hayakubahatisha rangi hiyo. Chukua kipande cha waya, unganisha kahawia na pini mojawapo ya zile mbili nyingine, kisha na ya pili. Moja inatakiwa izungushe feni polepole, nyingine kwa kasi. Ikiwa moja inazungusha kwa kasi na nyingine kimya, tega sikio kwenye boksi la rilei. Rilei ikigonga halafu feni isizunguke, tatizo liko baada ya rilei, na mshitakiwa wa kwanza ni ile rezista. Isipogonga, angalia fyuzi, kisha badilishana hiyo rilei na nyingine inayofanana nayo. Na ikiwa spidi zote mbili ziko hai ukiunganisha kwa mkono, basi swichi yenyewe imechoka mguso mmoja, na hapo ndipo utanunua swichi.

Nimelirefusha hili kwa makusudi. Magari mengi ya zamani yenye mbio ninayoletewa kwa ombi la "nishushie joto la feni" hayana shida ya namba. Yana feni inayofanya nusu ya kazi, rejeta iliyoziba, kifuniko kisichoshika presha, au hewa iliyonaswa ndani ya mfumo. Ukishusha namba kwenye gari la namna hiyo, feni itawaka mapema na gari litachemsha vilevile, ila kwa kelele zaidi.

Tuje kwenye 85 yako. Kinachochanganya watu wengi ni kudhani kwamba feni ndiyo inayoamua joto la injini. Joto la chini linaamuliwa na themostati, vali inayofunguka kwa joto. Mpaka ifunguke, maji yanazunguka ndani ya injini tu na rejeta haipati kitu. Umesema kwenye mwendo unasoma 92 iliyotulia; hiyo ndiyo themostati yako inajitambulisha, na ukiitoa nadhani utakuta imegongwa namba 92. Feni inashughulika na upande wa pili: inazuia joto lisipande pale ambapo hakuna upepo wa kutosha kupita kwenye rejeta. Gari likishapita mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo wa barabarani peke yake unatosha na feni haina kazi ya maana. Kwa hiyo ukitaka feni iwake mpira wa juu ukiwa na 85, wakati themostati haimwagi maji ya moto kwenye mpira huo kabla ya 92, umetengeneza feni isiyozima. Kila themostati inapofunguka maji yanayotoka tayari yamevuka namba ya feni. Feni itazunguka safari nzima, barabara kuu na mtaani, usiku na mchana, na injini itabaki pale pale kwenye 92, kwa sababu rejeta ikipoa zaidi themostati inajibana zaidi. Utakuwa umenunua kelele na kuchosha brashi za mota ya feni.

"Basi nitaweka themostati ya baridi," utasema. Wengi hufanya hivyo. Mimi huwa siendi huko haraka. Injini imepangwa kwa joto lake. Mafuta ya injini yanahitaji kufika kama nyuzi 100 ili unyevu na mabaki ya petroli yaliyopenya yapate kuvukizwa; injini inayozunguka baridi muda wote huyakusanya hayo ndani ya mafuta, na uchakavu wa silinda unaongezeka. Kompyuta nayo, maji yakiwa chini ya kiwango fulani, inadhani injini bado inapasha na inaongeza petroli. Tofauti ya 92 na 88 haina madhara yoyote, na kwa gari la joto kali au la kwenda uwanja wa mashindano mimi mwenyewe ningechagua 88. Nikiona mtu anashuka mpaka 71 kwenye gari la kwenda kazini huwa namuuliza anakimbia nini.

Je, hiyo 104 ni hatari? Soma kifuniko cha tanki la maji. Kikiandikwa 140 maana yake kinashikilia presha ya baa 1.4, vingine vimeandikwa 200, yaani baa 2. Maji matupu chini ya baa 1.4 hayachemki mpaka karibu nyuzi 126, na ukichanganya nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) yanavumilia zaidi ya hapo. Kwa hiyo mfumo ulio mzima ukiwa na 104 haujakaribia kuchemka. Watengenezaji wengi walipanga hivyo kwa hiari yao. Corvette za mwisho wa miaka ya 80, kwa mfano, kompyuta yake iliiacha feni ikae kimya hadi maji yapite 105, na hazikutoka kiwandani zikiwa na kasoro. Feni inayochelewa inapunguza kelele, inapunguzia alteneta mzigo, na injini yenye joto inaunguza petroli vizuri na kutoa moshi msafi zaidi.

Lakini hizo zilikuwa hesabu za gari jipya. Gari lako lina zaidi ya miaka thelathini. Shingo ya rejeta ni ya plastiki, na plastiki iliyopikwa mara elfu kadhaa inakatika kama biskuti. Baadhi ya pampu za maji za familia hii ya injini zilikuja na mapanga ya plastiki, nayo yana tabia ya kupasuka au kulegea kwenye shafti. Silinda hedi ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ikizidiwa joto mara moja tu inapinda. Kupanda na kushuka kati ya 97 na 104 kila baada ya dakika chache kunatikisa vitu hivyo vyote. Halafu kuna kasi ya kupanda: gari lililosimama kwenye foleni likiwa 104 na feni ikagoma, una dakika chache tu za kugundua. Likiwa 95 una nafasi. Kwa hiyo hoja ya kutaka feni iwake mapema kidogo ni halali kabisa, na kwako wewe uliyetoa feni ya mkanda ina nguvu zaidi. Ile ya mkanda ndiyo iliyokuwa feni kuu ya gari hili. Hii ya umeme ya mbele ilikuwa msaidizi wake, hasa kwa ajili ya kiyoyozi. Umemwachisha kazi mkubwa, umemwachia mdogo nyumba nzima, na bado unamwamsha kwa saa za zamani.

Dawa ya E36 ipo na ni rahisi: swichi ya 80/88. Inaingia kwenye tundu lile lile, soketi ile ile, hakuna waya wa kukata. Ukiisoma hiyo namba unaweza kudhani nimejipinga, maana nimetoka kuikataa 85. Tofauti iko kwenye mahali inapopimwa. 80 ya swichi ni joto la maji yaliyo kwenye rejeta. Wewe ulikuwa unazungumzia mpira wa juu. Gari likiwa kwenye mwendo, rejeta inayapoza maji vizuri na swichi inaona namba iliyo chini sana ya ile inayotoka injini, kwa hiyo feni inalala. Ukisimama, upepo unakata, maji ya rejeta yanaanza kufanana joto na yale ya injini, na swichi inashtuka mapema. Hivyo ndivyo tunavyotaka.

Hata hivyo usinifuate mimi kwa maneno matupu. Pima tofauti hiyo kwenye gari lako. Chukua kipimajoto cha kumulika, lenga pembeni mwa swichi, na wakati huo huo soma kipimo chako cha mpira wa juu, gari likiwa sailensa (limesimama, injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta) na lina joto lake kamili. Andika namba mbili. Rudia ukiwa umetoka tu kwenye mwendo. Angalizo: kipimajoto cha kumulika kinadanganywa na chuma kinachong'aa, hasa aluminiamu, bandika kipande cha utepe mweusi mahali unapolenga. Ukishaijua tofauti, hutakuwa tena unabahatisha kama swichi inayokufaa ni ya 80 au ya 91.

Na mfuatano wangu ungekuwa huu: rudisha spidi ya chini kwanza, ukiwa bado na swichi ya 91/99. Endesha wiki mbili, pamoja na foleni mbaya za mchana na kiyoyozi kikiwaka. Inawezekana kabisa ukagundua kwamba feni inaanza ukiwa karibu 96, inazunguka polepole, na 104 hukuiona tena. Kama ni hivyo, umemaliza. Kama kwa sababu ya kutokuwa na feni ya mkanda bado inapanda mpaka spidi ya juu, funga 80/88 na themostati yako ya 92 uiache au uweke ya 88. Chini ya hapo sikushauri.

Kuna namba moja ambayo watu huisahau: ya kuzimia. Swichi inayowaka 91 haizimi 91. Inazima nyuzi kadhaa chini, na pengo hilo limewekwa makusudi ili feni isiwe inawaka na kuzima kila sekunde kumi hadi rilei iungue miguso. Ukinunua kidhibiti cha kielektroniki chenye kitufe cha kuzungusha, hakikisha kina pengo la nyuzi 5 hadi 8 hivi. Na namba ya kuzimia lazima ibaki juu ya joto ambalo gari hulikuta lenyewe likiwa kwenye mwendo, pale sensa ilipo. Ikishuka chini ya hapo, umerudi kwenye feni isiyozima.

Sasa rezista ya fundi wako. Kwenye gari lako ushauri huo umekosea mlango kabisa, kwa sababu feni ya E36 haisubiri amri ya sensa ya kompyuta. Inaamriwa na swichi ya rejeta na mfumo wa kiyoyozi. Ungefunga rezista yako, feni isingebadilika hata nukta, ila injini ingeanza kuumwa. Lakini hata kwenye magari ambayo kompyuta ndiyo inayowasha feni, njia hii ni mbovu, na hesabu yake inafaa ionekane wazi kwa sababu inasambazwa sana.

Sensa ya joto la maji ukinzani wake unapungua joto linapopanda. Sensa nyingi za Bosch za miaka ile zina kama omu 2,500 kwenye nyuzi 20, kama 320 kwenye nyuzi 80, na kama 190 kwenye 100. Kompyuta inasoma omu tu, digrii haizioni. Ukifunga rezista ya omu 700 sambamba na sensa, kwenye joto la kazi kompyuta itaona kama nyuzi kumi zaidi ya ukweli, na feni itawaka nyuzi kumi mapema. Hadi hapo fundi ana haki ya kutabasamu. Haya, sasa amka asubuhi, injini ina nyuzi 20. Sensa inatoa omu 2,500, sambamba na 700 inakuwa kama 547. Kompyuta inasoma hiyo kama zaidi ya nyuzi 60. Inajua injini imeshapasha, haitoi ile petroli ya ziada ya kuwashia baridi, na gari linakataa kuwaka au linawaka likitetemeka na kuzima. Ukifika joto la kazi, kompyuta nyingi zikiona maji ya moto sana zinarudisha taimingi (wakati wa kuwasha petroli ndani ya silinda) nyuma kuikinga injini isigonge. Umeitoa feni ya mkanda kutafuta nguvu, halafu umeirudisha nguvu hiyo kwa rezista ndogo isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Kama gari lingekuwa la aina ile ambayo feni iko mikononi mwa kompyuta, njia ya heshima ni kubadili namba yenyewe ndani ya programu ya kompyuta. Kwenye magari mengi ya miaka ya 80 na mwanzo wa 90 hilo lina maana ya kutoa chipu na kuiandika upya, kazi ya mtu anayeijua. Njia nyingine ni swichi ya joto ya pembeni inayoamuru rilei moja kwa moja, sambamba na kompyuta, ili yeyote atakayetangulia awashe. Hiyo ya pili naipenda kwa sababu ikifa, mpango wa kiwandani bado upo nyuma yake.

Vile vidhibiti vya bei rahisi vyenye kijiti cha kuchomeka kwenye mapezi ya rejeta vinafanya kazi, lakini kijiti kinapima mchanganyiko wa chuma, hewa na bahati. Kikilegea nyuzi zinahama bila taarifa, na kikisuguana na mrija siku moja kinautoboa. Ukitaka kidhibiti cha namna hiyo, tafuta chenye sensa ya kujifunga kwenye kiungio cha chuma kinachokatishwa kwenye mpira, ili iguswe na maji yenyewe. Kiungio hicho kiwe na waya wa hasi kama sensa ni ya pini moja. Kikiwa kimebanwa kati ya mipira miwili hakina njia ya kurudisha umeme.

Swichi ya mkono kwenye dashibodi nayo watu huibeza, mimi huifunga. Si badala ya ile ya joto. Ni sambamba nayo. Unapoona foleni mbele unaiwasha kabla joto halijapanda. Siku swichi ya rejeta ikifa, unayo njia ya kufika nyumbani. Waya wake uende kwenye upande wa kuamuru rilei tu, ule unaokwenda hasi, ambao haubebi hata nusu ampea. Usithubutu kupitisha umeme wa feni yenyewe ndani ya dashibodi.

Nikishataja umeme wa feni, nimalizane nao. Feni ya rejeta ikizunguka inakula ampea 10 hadi 25 kulingana na ukubwa, na kwenye kuanza inavuta mara mbili au tatu ya hapo kwa muda mfupi. Ukiamua kuongeza feni ya pili nyuma ya rejeta, pale ilipokuwa ya mkanda, ipe rilei yake na fyuzi yake karibu na betri, na waya mnene wa milimita za mraba 4 au 6. Kwenye rilei ya kawaida pini ya 30 ni umeme unaoingia, ya 87 unaokwenda kwenye feni, za 85 na 86 ni koili, yaani upande wa kuamuru. Angalia pia alteneta: kwenye sailensa haitoi nguvu zake zote, na feni kubwa, taa na kiyoyozi kwa pamoja vinaweza kuila betri polepole bila taa yoyote kuwaka.

Feni hiyo ya nyuma iwe na kava lake. Feni tupu iliyobanwa kwenye mapezi inavuta hewa kupitia duara lake tu, na pembe zote za rejeta zinakaa bila kazi; kava linaifanya ivute uso mzima. Na uhakikishe inazunguka upande sahihi. Niliwahi kufunga feni ya nyuma nikageuza waya zake, hewa ikawa inasukumwa mbele. Gari likisimama lilikuwa sawa kabisa, maana hewa ilikuwa inapita, japo kinyumenyume. Nikapata kazi ya kuhangaika siku mbili nikitafuta kwa nini linapanda joto kwenye mwendo wa kilomita 60. Upepo wa barabara na feni yangu vilikuwa vinasukumana katikati ya rejeta. Karatasi nyembamba ingenionyesha hilo kwa sekunde moja: nyuma ya rejeta upepo unatakiwa uende kwenye injini.

Ukinunua swichi mpya, ipime kabla ya kuifunga. Itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, unganisha maltimita kwenye pini, pasha moto polepole, uandike inapofunga na inapofungua ukiacha yapoe. Ya 80/88 utaipima vizuri kwa maji. Ya 91/99 ule mguso wa pili ni mgumu, kwa sababu maji ya sufuria yanachemkia 100, na ukiwa sehemu ya mwinuko yanachemka hata kabla ya 99. Changanya kulanti ndani, nayo sufuria hiyo isirudi jikoni tena.

Kuifunga ni kazi ndogo yenye mitego miwili. Injini iwe baridi kabisa, maana ukiifungua ya moto maji yenye presha yatakuunguza. Uzi wa swichi unaingia kwenye tanki la plastiki: weka washa (ringi ya kuzuia kuvuja) mpya, kaza kwa mkono mwepesi, usilazimishe. Mtego wa pili ni hewa. Ukishajaza maji, weka hita kwenye joto la juu kabisa, inua pua ya gari ikiwezekana, legeza skrubu ya kutolea hewa mpaka yatoke maji yasiyo na povu, ndipo uifunge. Povu likibaki kwenye silinda hedi, sensa inaweza kusoma mvuke badala ya maji na namba zote nilizokutajia zitakuwa hadithi.

Usitegemee mshale wa dashibodi kukuthibitishia kitu. Kwenye E36 umetengenezwa ukae katikati kuanzia nyuzi sabini na kitu hadi mia moja na kumi na kitu, ili dereva asiwe na wasiwasi. Ukianza kusogea kulia, muda wa kutafakari umekwisha. Kipimo chako cha ziada ndicho shahidi. Baada ya kazi, acha gari sailensa na boneti ikiwa imefungwa, kiyoyozi kimezimwa, uandike feni inawaka wapi na kuzima wapi, mizunguko mitatu. Kisha washa kiyoyozi na urudie. Mizunguko ikifanana, swichi na feni viko sawa. Na ikitokea siku moja joto likapanda ukiwa kwenye mwendo kasi, mpira wa juu wa moto na wa chini vuguvugu, usiguse tena feni. Fungua uangalie rejeta, themostati na mapanga ya pampu.